Picha ya Mwizi Niliyoisambaza Mimi

Watu wanaotapeliwa sikuwahi kuwaonea huruma, na sina sababu ya kujisafisha leo. Mtu mzima, ana kitambulisho na watoto watano, anaambiwa na sauti asiyoijua, "Tuma friji kwanza, pesa inakuja," naye anaifunga friji kamba kama mbuzi wa Idi na kuituma kweli. Kisha anakuja kulia kwenye veranda yangu. Alie kwangu kwa nini? Mimi ndiye niliyeila hiyo friji?

Mimi ni fundi cherehani wa Kamembe, kama alivyokuwa mama yangu. Katika familia zetu za Waislamu pale mtaani ukimkuta mtu hauzi basi anashona, anachomelea au anapiga randa, na sote tunajua jambo moja kuhusu kazi ya ufundi: mteja hakupi pesa tu, anakupa kitu chake akaondoka. Anakuachia kitambaa cha harusi, mita sita, anakwenda kulala usingizi. Ukisemwa kwamba una mkono mrefu, hata kama ni uongo, kesho hakuna atakayekuletea hata suruali ya kupunguza. Haya niliyajua tangu utotoni, kwa hiyo nitakayoyasimulia hayakufanywa na mtu asiyejua.

Simu za picha zilipoenea, watu waliacha kuhangaika na vitu vyao vikuukuu sokoni, wakaanza kuviuza kwenye kundi la simu. Kundi letu lilikuwa na watu wa pande zote mbili za mto wa mpaka wetu na Kongo. Walikuwemo wa Kamembe na wa Cyangugu chini kule ziwani, walikuwemo wa Bukavu, hata wakulima wa Rwimbogo wenye baiskeli zisizo na breki. Ungekuta humo kitanda, televisheni ya mgongo, sufuria za hoteli iliyofungwa, kabati la harusi ya ndoa iliyovunjika. Penye wengi pana mengi, na mengi ya pale yalikuwa wezi.

Na wajinga, msisahau wajinga. Mwalimu mmoja wa kike aliuza kompyuta yake, akapokea meseji kwamba pesa imeingia. Meseji ilikuwa nzuri, ina jina lake, ina kiasi kamili, ina kila kitu isipokuwa pesa. Hakuangalia salio lake, alimkabidhi mtu kompyuta na chaja yake, akamwombea na safari njema. "Mwalimu," nilimwambia, "meseji si pesa. Hata mimi naweza kukuandikia sasa hivi kwamba wewe ni waziri." Alinuna mwezi mzima. Jirani yetu mwingine, mlokole aliyelelewa Kongo akarudi nchini na Biblia tatu, alimpa pikipiki mtu aliyejiita komanda, kisha akaogopa kumwuliza malipo kwa sababu komanda si mtu wa kuulizwa. Komanda mwenyewe nasikia alikuwa muuza chips. Na shemeji yangu! Huyo alitoa namba ya siri ya simu yake kwa mtu kwa sababu tu mtu huyo alimwita Papa kwa adabu. "Alikuwa na heshima," ananiambia. Mtume! Mwizi asipokuwa na heshima ataiba vipi?

Ndiyo maana waliponifanya msimamizi wa kundi sikushangaa. Nilikuwa na ulimi, na nilikuwa na sheria zangu. Usitume kitu kabla pesa haijafika, na ikifika iangalie wewe mwenyewe kwenye salio lako, si kwenye meseji uliyotumiwa. Mkutane mchana kweupe, mlangoni mwa soko, palipo na watu wanaokujua. Usikubali mnunuzi akutumie mtu mwingine aje kuchukua. Namba ya siri ni siri, usimpe hata anayekuita Papa. Anayekuharakisha ana sababu yake, na sababu hiyo si wewe.

Lakini sheria niliyojivunia kuliko zote niliitunga mwenyewe: asiyebishania bei ni mwizi. Huku kwetu mtu anabishania fungu la sambaza mpaka samaki wenyewe wanaharibika. Mtu wa Bukavu ukimtajia bei, kwanza anacheka, halafu anakasirika, halafu anaondoka, halafu anarudi na kuuliza watoto wako hawajambo. Anayekwambia, "Sawa maman, bei ni nzuri," huyo hana nia ya kulipa. Bei inamhusu nini mtu asiyelipa? Kwa sheria hiyo nilikamata wezi wanne, watano, kweli kabisa, na kila nikimkamata mmoja nilichukua picha yake kutoka kwenye simu, nikaandika juu yake MWIZI kwa herufi nyekundu, nikaitupa kundini na namba yake. Watu walinipigia makofi ya simu. Nilizoea makofi, sifichi.

Kisha mama akafariki. Aliniachia cherehani yake ya miguu, ile nyeusi ya chuma yenye meza ya mbao, iliyotulisha sote. Nilikaa nayo mwaka na zaidi. Lakini mguu wangu wa kulia ulianza kuuma, nami nilitaka mashine ya umeme, kwa hiyo niliwauliza ndugu zangu, wakasema uza. Niliipiga picha nzuri, kwa mbele, nimeipangusa vumbi na kuitia mafuta, nikaandika: Cherehani ya marehemu mama. Inashona vizuri. Nikataja na bei, nimeongeza juu kidogo ya kupunguzwa, kama mtu yeyote mwenye akili.

Ulikuwa mwaka ule vita vilipofika Bukavu tena na mji ukapata watawala wengine. Mabenki ya ng'ambo yalifunga milango. Watu walivuka daraja na magodoro kichwani, wengine wakarudi kesho yake kutazama kama nyumba ipo, wakavuka tena. Kamembe ilijaa mpaka kwenye vibaraza. Kundi nalo lilijaa. Wanaokimbia walikuwa wanauza chochote, na wenye roho ngumu walikuwa wananunua kwa bei ya kutupa. Mimi nilikaa mlangoni mwa kundi hilo kama mtu wa forodha, namkagua kila anayepita, na nilijiona nina maana sana.

Siku ya pili ya tangazo langu nikapata ujumbe kutoka kwa namba ya Kongo. "Salamu mwanangu. Pole na musiba ya mama. Ile mashini ingali iko?" Nikajibu ipo, nikataja bei. Jibu likaja hapo hapo: "Ni sawa. Sitaomba upunguze hata kidogo."

Ehe! Nilikaa wima kitandani. Mwizi huyu hapa, nikasema, amekuja mwenyewe kwa miguu yake.

Akaendelea kuandika, na kila neno lilikuwa linaangukia kwenye sheria zangu. "Niko huku ng'ambo, nilikuya kuangalia nyumba. Banki zimefunga. Kesho asubuhi natuma mzee mumoja na pesa mukononi. Tafazali, usiuzishe muntu mwengine." Namba ya nje, haraka, mjumbe, hadithi ya vita, na hakubishana bei. Ningekuwa na sheria ya saba angeivunja nayo. Kisha akatuma sauti, ndefu, dakika nne na ushee. Nikaifungua. Sauti ya mwanamke wa makamo, imechoka: "Mwanangu, ile mashini naiyua. Mama yako namuyua..." Nikaizima. Nilicheka peke yangu. Mwizi gani asiyemjua mama yako? Marehemu ana marafiki wengi kuliko alipokuwa hai.

Picha yake ya simu ilimwonyesha mwanamke aliyevaa kitenge, amesimama mlangoni, futi ya fundi inaning'inia shingoni. Hata futi ameitafuta, nikasema, wezi wa siku hizi wanajipamba. Nikaichukua picha ile, nikapaka herufi zangu nyekundu, na chini yake nikaandika kwa vidole hivi hivi: Anajifanya fundi. Anajifanya mkimbizi. Msimpe kazi. Msimwachie hata kitambaa.

Neno la kitambaa lilinijia tu, na lilinipendeza nilipolisoma tena. Nikalituma. Makofi yakaja, na watu wakaipeleka picha kwenye makundi yao mengine, la wauza vitenge, la wanakwaya, la wazazi wa shule, mpaka la wapanda pikipiki. Nikaifungia ile namba, nikalala.

Asubuhi alikuja kweli mzee mmoja mwenye koti jeusi, amelifunga vifungo vyote ingawa kulikuwa na jua. Alibisha hodi kistaarabu. "Maman, nimetumwa na ule fundi wa Bukavu, nimeleta pesa ya mashini."

"Umetumwa na nani? Na shetani?" nikamwambia nikiwa dirishani. Sikufungua mlango. "Hiyo pesa mmeichapa jana usiku!"

"Unaweza ihesabu mbele ya majirani, maman. Au tuende nayo ku duka, waiangalie."

Hapo ningepaswa kusimama nifikiri. Mwizi hakwambii uite majirani. Lakini mimi majirani nilikuwa nimeshawaita, kwa mayowe, nao walitoka na miko mkononi na vitana kichwani. Mmoja akapiga mluzi. Mwingine akasema naye apigwe picha. Mzee akatutazama sote, akarudisha bahasha ya pesa ndani ya koti, akafunga kifungo. "Basi, maman. Nitamuambia." Akashuka barabarani polepole, watu wanamzomea nyuma, wala hakukimbia. Niliona kwamba hakukimbia, na niliamua kutokuona. Nikaandika kundini kwamba mjumbe wa mwizi amekuja na amefukuzwa, na siku nzima nilijisikia vizuri.

Zilipita siku kumi hivi. Mama mdogo wangu, yaani mdogo wake marehemu mama, hana kundi wala hataki kundi. Simu yake ni ile ya vibonyezo ya kupokelea salamu. Siku hiyo alikuja anatembea kwa nguvu mpaka kandambili zinapiga kelele, akaingia bila hodi, akasimama mbele yangu nikiwa na sindano mdomoni.

"Wewe. Mwenye kuuza nyama amenionyesha picha kwa simu yake. Wamesema imetoka kwako. Huyu mwanamke umemwita mwizi, unamjua?"

"Namjua ni mwizi," nikasema.

"Funga mdomo. Toa sindano kwanza, utaimeza, halafu ufunge mdomo." Akaketi. "Vita ya kwanza ilipotoa watu ng'ambo, mwanamke huyu alikuja hapa na mtoto mgongoni na nguo moja mwilini. Mama yako alimpokea. Miezi minane alilala pale unapoweka magunia. Mama yako ndiye aliyemfundisha kushona, kwenye cherehani hii unayoiuza. Wewe ulikuwa Gisenyi kwa yule mume wako wa kwanza, unajifanya mke. Sasa niambie, alikuibia nini?"

"Hakubishana bei," nikasema. Nilisikia jinsi neno lile lilivyotoka, na nilitamani kulirudisha.

"Hakubishana bei," akarudia mama mdogo. "Ya Rabi. Na hilo ndilo kosa lake?"

Nikachukua simu. Ile sauti ilikuwepo bado, dakika nne na ushee, na mimi nilikuwa nimesikiliza maneno saba au manane. Niliiweka mezani katikati yetu, nikaifungua tangu mwanzo.

"Mwanangu, ile mashini naiyua. Mama yako namuyua, ni yeye alinifundisha kushona apo ku veranda. Wewe hatukuonana. Inamisha ile meza, chini, upande wa kushoto, utaona alama ya pasi. Ni mimi niliunguza, siku ya tatu. Nilifikiri atanifukuza. Alisema, meza haivaliwe, akageuza ule ubao, akasema endelea. Mwanangu, nilikuwa na mashini tatu huku, bamebeba zote. Sasa huko Kamembe nakodi kiti ku kibaraza ya watu, nashonea ku mashini ya kuazima, na batu banaanza kuniletea bitambaa, Mungu asifiwe. Nikipata hii mashini nitasimama. Na bei sitabishana. Kitu ya marehemu hatubishane bei. Ukibishana, ni kama unabishana na mwenyewe, na ye hawezi tena kujibu. Wewe sema, mimi nitalipa..."

Iliendelea. Alisoma dua fupi ya Kikristo kwa ajili ya mama yangu Mwislamu, akaomba radhi kama amekosea, akauliza kaburi liko wapi. Mama mdogo alikuwa analia bila sauti. Mimi nilipiga magoti nikaingiza kichwa chini ya meza ya cherehani, niliyoipangusa kwa mbele tu kwa ajili ya picha. Alama ilikuwepo, ya pasi ya mkaa, ncha yake na kila kitu. Mwaka mzima na zaidi nilishonea pale, magoti yangu yako chini yake. Niliona aibu mpaka masikio yakaziba, na nikabaki chini ya meza muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa sababu sikutaka kutoka na kutazamwa.

Nilifungulia namba yake, nikapiga. Haikupatikana. Kesho yake nilikwenda kwa muuza vitenge mmoja sokoni, mwanamke ambaye nilijua anawapelekea mafundi wa vibarazani wateja. Hakuniangalia usoni. Alikuwa anakunja vitambaa.

"Alirudi kutoka ng'ambo siku mbili baada ya picha yako," alisema. "Akakuta watu wamesimama pale kibarazani wanamngoja. Alifikiri ni kazi. Kumbe wamekuja kuchukua vitambaa vyao. Kuna mmoja gauni lake lilikuwa limekatwa, mkono mmoja umeshonwa, mwingine bado. Akalichukua hivyo hivyo. Akasema heri gauni la mkono mmoja kuliko kukosa yote. Watu walicheka. Kisha mwenye kibaraza akamwambia aondoe kiti chake, atamharibia biashara."

"Yuko wapi?"

"Nyakarenzo, kwa ndugu za marehemu mume wake. Analima."

"Fundi anakwenda kulima?"

"Atafanya nini, maman? Nani atamwachia kitambaa?" Ndipo akaniangalia. Maneno yalikuwa yangu, alikuwa ananirudishia tu.

Nilikodi gari dogo la mizigo, nikapakia cherehani na meza yake, nikaenda. Njia nzima nilijiandalia hotuba. Nilipofika nilimkuta kwenye shamba la maharage, miguu ina udongo, na alikuwa mkubwa kwa umri kuliko ile picha. Futi haikuwepo shingoni. Hotuba ilipotea. Nikamwambia mimi ni nani.

"Nakuyua," alisema. "Unafanana mama yako. Kwa sura."

Aliliacha hapo. Nilimwambia nimekosa, nimefanya ubaya, sauti yake nimeisikiliza nimechelewa, cherehani hii hapa, achukue bure, ni yake. Nilikuwa nasema haraka haraka, mikono inacheza. Aliningoja nimalize.

"Bure?" Hapo alikasirika kwa mara ya kwanza. "Nikichukua bure, wenye kuwa na ile picha watasema nini? Watasema, munaona, mashini iko nayo, aliiba kweli. Wewe unataka kulala usingizi, mwanangu. Mimi nataka jina yangu."

Akajipangusa mikono, akamtuma jirani kumwita mkuu wa kijiji. Alikuja na daftari na muhuri, na nyuma yake majirani wawili wa kushuhudia. Mwanamke yule akasema anataka karatasi: nani anauza, nani ananunua, bei gani, na kwamba amelipa. Mkuu akaniuliza bei. Nikataja nusu.

"Hapana," akasema yeye. "Ni ile ya kwanza."

"Mama, ile niliiongeza. Nilijua nitapunguziwa."

"Ulitaja, nilikubali. Andika ile."

"Basi robo tatu."

"Andika ile!"

Mkuu wa kijiji aliweka kalamu chini. "Miaka yote niliyoandika karatasi za watu," alisema, "sijaona mwuzaji anabembeleza bei ishuke na mnunuzi anaipandisha. Nyinyi ni wazima?" Mashahidi wakacheka. Mimi nilibembeleza kweli, Wallahi, mimi ambaye sikuwahi kumbembeleza mtu, na hakushuka hata kidogo. Aliingia ndani, akatoka na pesa, akaihesabu mbele ya wote, polepole. Nikatia sahihi.

"Sasa piga picha," akaniambia. Alisimama kando ya cherehani, ameshika karatasi yenye muhuri kifuani, uso mkavu. "Tuma kule kule ulituma ile ingine."

Nilipiga. Nikaandika chini yake, na sijawahi kuandika kitu kwa uangalifu kama ule: Mwanamke huyu niliyemwita mwizi si mwizi. Ni fundi, amefundishwa na mama yangu. Kosa ni langu. Naomba msamaha kwake na kwenu nyote. Mrudishieni vitambaa, mpeni kazi, tafadhali, leo hii. Futeni ile picha ya kwanza kila mlikoipeleka. Nikaituma. Mtandao wa kule juu ni wa kusuasua, tukasimama sote tunaiangalia simu, mkuu wa kijiji naye akiwa ameinama begani kwangu.

Wa kwanza kujibu alikuwa shemeji yangu, yule wa namba ya siri. "Jamani tahadhari. Simu ya msimamizi imeibiwa."

Wa pili: "Ni mwizi yule yule! Sasa amepata karatasi na muhuri. Vya kuchapwa hivyo."

Wa tatu: "Anasema leo hii, leo hii. Anatuharakisha. Mnakumbuka tulivyofundishwa?"

Walikumbuka. Wajinga wangu wote, niliowacheka mmoja mmoja kwenye veranda yangu, walikuwa wamekumbuka kila kitu. Niliandika kwamba ni mimi, ni mimi kweli, wakasema kila mwizi anasema ni yeye. Nikaanza kutuma sauti, ili wanisikie. Kabla sijamaliza, yule mwalimu wa kompyuta, ambaye ndiye msimamizi wa pili, aliandika mstari mmoja, kisha simu ikaniambia nimeondolewa kwenye kundi.

Mwanamke yule hakuwa anaona herufi vizuri bila miwani. Alikuwa bado amesimama, ameshika karatasi vile vile kama nilivyompiga picha.

"Banasema nini?" akauliza.

Ningeweza kudanganya. Mkuu wa kijiji alikuwa ameshasoma, na aliangalia pembeni. Nikamsomea mstari wa mwalimu, neno kwa neno: "Mtoeni huyo haraka. Msimamizi wetu namjua, hajawahi kuomba msamaha kwa mtu yeyote. Si yeye."

Alinitazama. "Na ni kweli? Hujawahi?"

"Ni kweli," nikasema.